MSAFARA WA MANENO: Jinsi Lugha Inavyorithishwa, na Somo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Kila mwanachuo anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha hukutana mapema na mtoto aandikaye "majino" badala ya "meno", au asemaye "kuja hapa" badala ya "njoo hapa". Kalamu nyekundu hupita juu ya kosa hilo, alama hupunguzwa, na somo huendelea. Mara chache sana huulizwa swali lililo muhimu zaidi: mtoto ameitoa wapi sura hiyo ya neno? Ni vigumu kuamini kwamba alifundishwa "majino" na mama yake, na kwa hakika hakuisoma katika kitabu cha Kiswahili. Amesikia "jina" na "majina", "jani" na "majani", akajitungia kanuni, kisha akaitumia mahali ambapo wakubwa hawaitumii.

Katika makala haya tunakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza jinsi wataalamu wa lugha wanavyotumia kompyuta kuchunguza namna lugha inavyojifunzwa na kubadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Pili, kuyapima maelezo yao kwa kutumia historia ya Kiswahili katika nchi yetu ya Unyamwezi. Tatu, kutoa zoezi ambalo mwalimu anaweza kulifanya darasani kwa kadi na chaki tu, bila kompyuta wala umeme.

1. Kipalapala na njia ya misafara

Kipalapala ipo nje kidogo ya mji wa Tabora. Wasomaji wengi wa Kiswahili walilifahamu jina hilo kwa kuliona katika kurasa za kwanza za vitabu vilivyotolewa na Idara ya Vitabu ya TMP. Lakini kabla mitambo ya kuchapa haijafika, maneno ya Kiswahili yalipita katika nchi hii kwa miguu. Burton na Speke walipowasili Kazeh, yaani Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanya biashara Waarabu na watu wa pwani wamekwisha kujenga makao. Hapo ndipo njia kuu itokayo Bagamoyo ilipogawanyika: moja iliendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kusini-magharibi. Wapagazi Wanyamwezi walizipita njia hizo kwa maelfu, miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Tumfikirie mpagazi kijana anayeondoka Unyanyembe kwa mara ya kwanza. Sarufi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf ilikwisha kuchapwa Ujerumani mwaka 1850, lakini mpagazi huyo hakuiona wala hakuihitaji. Alijifunza kwa kusikia amri za kiongozi wa msafara, mabishano ya bei, na mazungumzo ya jioni kambini. Hakusikia sentensi zote za Kiswahili. Hakuna mtu awezaye kuzisikia zote. Alisikia sehemu ndogo, akaijaza sehemu iliyobaki kwa akili yake, na mwaka uliofuata kijana mwingine akajifunza kutoka kwake.

Hapa tunapata mambo matatu ambayo yafaa tuyashike tunapoendelea kusoma: mwanafunzi husikia kidogo; hujaza mwenyewe yale asiyoyasikia; na yale aliyoyajaza huwa somo la mwanafunzi anayemfuata.

2. Kielelezo cha kompyuta ni nini?

Hakuna aliyeandika maneno yote ya kambi za misafara, wala hatuwezi kuwarudisha wapagazi tuwasikilize. Basi mtaalamu hutengeneza kielelezo. Kama vile tufe la darasani lisivyo dunia yenyewe bali hutusaidia kuelewa usiku na mchana, ndivyo kielelezo cha kompyuta kisivyo binadamu bali hutuonyesha matokeo ya kanuni chache zikirudiwa mara nyingi. Mtaalamu huweka ndani ya kompyuta "wasemaji" wa kubuni, huwapa kanuni za kusikia, kukumbuka na kusema, kisha huiacha mashine iyarudie mazungumzo yao maelfu ya mara.

Kielelezo kimoja chepesi ni mchezo wa kutaja majina, ulioanzishwa na Luc Steels wa Brussels katika miaka ya 1990. Katika sura yake iliyo sahili zaidi, wasemaji wawili huchaguliwa kwa bahati, na mmoja hutaja jina la kitu. Kama hana jina, hubuni. Msikilizaji akiwa analijua jina hilo, wote wawili hulishika na kuyatupa majina mengine yote ya kitu hicho. Asipolijua, huliongeza katika kumbukumbu yake. Mwanzoni hutokea fujo, kwani kitu kimoja huwa na majina mengi. Lakini mchezo ukiendelea, jina moja hushinda na watu wote hulitumia, ingawa hapakuwa na mfalme, mwalimu wala baraza la kuamuru. Watu wa makabila mengi waliokutana njiani waliweza kupatana juu ya maneno ya mizigo, chakula na malipo kwa njia inayofanana na hiyo.

Kielelezo cha pili chatuhusu zaidi sisi walimu. Simon Kirby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitengeneza mnyororo wa wanafunzi wa kubuni ndani ya kompyuta: wa kwanza hujifunza maneno kadhaa, husema, na maneno yake huwa somo la wa pili, wa pili humfundisha wa tatu, na kadhalika. Mwaka 2008 Kirby, Cornish na Smith walitangaza matokeo ya jaribio la namna hiyo lililofanywa na watu halisi. Kila mtu alifundishwa majina ya picha katika lugha ngeni iliyobuniwa. Picha zilikuwa 27: maumbo 3, kila umbo katika rangi 3, na kila moja katika mwendo wa namna 3. Mwanafunzi alifundishwa picha 14 tu, kisha akaulizwa majina ya zote 27. Majibu yake yalipelekwa kwa mwanafunzi aliyefuata, mpaka vizazi 10.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili. Katika jaribio la kwanza lugha ilizidi kuwa nyepesi kujifunza, lakini ilipoteza maana: picha nyingi ziliishia kuitwa kwa jina moja. Katika jaribio la pili watafiti waliondoa majina yaliyojirudia kabla ya kumfundisha mwanafunzi aliyefuata. Hapo ukazaliwa utaratibu: mwanzo wa neno ulionyesha rangi, katikati umbo, na mwisho mwendo. Hakuna mshiriki aliyekusudia kuunda sarufi. Kila mmoja alidhani anakumbuka tu alichofundishwa.

3. Mlango mwembamba

Kwa nini utaratibu huzaliwa? Jibu lapatikana kwa hesabu ndogo. Tuseme tuna maumbo 10 na rangi 10. Picha zitakuwa 100. Ikiwa kila picha ina jina lisilohusiana na mengine, mwanafunzi hana budi kusikia majina yote 100. Akisikia 50 tu, mengine 50 atayakisia, na yale ya zamani yatapotea. Lakini ikiwa kuna kipande cha rangi na kipande cha umbo, atahitaji vipande 20 tu. Mifano michache iliyochaguliwa vema itamtosha kuzitaja picha zote, hata zile ambazo hajaziona kamwe.

Lugha basi hupita katika mlango mwembamba kila inapotoka kwa msemaji mmoja kwenda kwa mwingine. Kisichosikika hakipiti, isipokuwa kama chaweza kujengwa upya kutokana na kilichosikika. Kanuni hupita kwa urahisi. Jambo lisilo na kanuni hukwama.

Kiswahili chetu ni ushahidi mzuri. Chukua viambishi vya nafsi ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, na vya wakati -na-, -li-, -ta-, -me-. Hivyo ni vipande 10, lakini vyazaa maumbo 24 kwa kila kitenzi: ninasoma, ulisoma, atasoma, tumesoma, na kadhalika. Mtoto aliyejifunza kitenzi kipya leo asubuhi anaweza jioni kukitumia katika maumbo ambayo hakuyasikia.

Ikiwa ndivyo, kwa nini "njoo" limedumu? Kwa kanuni, kitenzi "kuja" kingalitupatia amri ya namna nyingine. Vielelezo vya Kirby vya mwaka 2001 vyatoa jibu: neno lisilofuata kanuni huweza kudumu likiwa linasikika mara nyingi sana, kwa sababu linalosikika kila siku hupita mlangoni lenyewe, bila msaada wa kanuni. Mtoto huitwa "njoo" mara nyingi kabla jua halijatua. "Nenda" na "lete" ni ndugu zake. Ni amri za nyumbani, na marudio ndiyo yanayozihifadhi.

4. Anachokuja nacho mwanafunzi

Mwaka 2007 Griffiths na Kalish walionyesha kwa hesabu jambo jingine. Katika mnyororo mrefu wa wanafunzi, na kwa masharti fulani, lugha huishia kufanana na matarajio ambayo wanafunzi wanayo kabla ya kuanza kujifunza. Kadiri wanavyosikia kidogo, ndivyo matarajio hayo yanavyopata nguvu upesi zaidi.

Hili latufahamisha mambo tunayoyasikia kila siku. Lugha nyingi za bara, Kinyamwezi na Kisukuma zikiwamo, zina kiambishi -ag- cha kuonyesha jambo linalofanyika mara kwa mara. Ndiyo maana twasikia "anakujaga" na "tunapendaga". Lugha hizo pia zina kiambishi ka- cha udogo, na mtoto asemaye "katoto kadogo" anajaza pengo kwa kitu kilicho tayari mkononi mwake. Msemaji wa namna hiyo ana kanuni kamili. Ila kanuni hiyo ni ya nyumba nyingine.

Tulinganishe na Kiswahili kinachosikika katika sehemu nyingi za bara ya Kenya: "kitabu yangu imepotea". Katika Kiswahili sanifu, shina -angu lina maumbo 9: wangu, langu, yangu, changu, vyangu, zangu, pangu, kwangu na mwangu. Mwanafunzi aliyesikia machache huchagua moja, aghalabu "yangu", na kulitumia kila mahali. Lugha hiyo ni nyepesi kujifunza, kama ile ya jaribio la kwanza la Edinburgh, lakini imepoteza baadhi ya tofauti zake.

Je, kwa nini upatanisho wa ngeli umeshika zaidi katika usemi wa Unyamwezi? Sehemu ya jibu ni kwamba Mnyamwezi huja na ngeli kutoka nyumbani. Hata hivyo jibu hilo pekee halitoshi, maana miongoni mwa wasemaji wa bara ya Kenya wamo wengi ambao lugha zao za nyumbani zina ngeli vilevile. Yatubidi tuongeze sababu ya pili, nayo ni wingi wa kusikia. Katika shule zetu za msingi za umma Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, si somo moja tu. Mtoto hukisikia katika hesabu, katika jiografia na uwanjani. Kwake yeye mlango ni mpana zaidi.

5. Zoezi la darasani

Madhumuni: Wanafunzi wa darasa la 5 na kuendelea, au wanachuo wenyewe, waone jinsi lugha inavyobadilika inaporithishwa.

Vifaa: Kadi 9 zilizochorwa duara, mraba na pembetatu, kila umbo katika rangi nyekundu, buluu na nyeusi. Karatasi na penseli.

Matayarisho: Mwalimu abuni majina 9 yasiyo na maana katika lugha yoyote inayojulikana darasani, kwa mfano gabeki, lomufa, sipado, nekutu, mihowe, dusagi, pefoli, hozeka na rafupe. Ampe kila kadi jina moja. Achague wanafunzi 8 watakaokuwa "msafara".

Hatua:
(a) Mwanafunzi wa kwanza aitwe peke yake. Aonyeshwe kadi 6 tu na kutajiwa majina yake mara tatu.
(b) Kisha aonyeshwe kadi zote 9, moja moja, bila kufuata mpango. Aseme jina la kila moja. Akikwama, aambiwe akisie, asiachwe anyamaze.
(c) Majibu yake 9 yaandikwe. Hayo ndiyo lugha mpya.
(d) Mwanafunzi wa pili afundishwe kadi 6 kwa majina ya mwenzake, si kwa majina ya mwanzo. Kadi hizo 6 zichaguliwe upya kwa bahati. Iendelee hivyo hadi wa nane.
(e) Msafara wa pili ufanye vivyo hivyo, ila kadi mbili zikiwa na jina moja, moja tu ndiyo ifundishwe.

Kupima: Katika kila hatua darasa lihesabu mambo mawili. Kwanza, je, kuna majina mangapi yaliyo tofauti miongoni mwa yale 9? Pili, je, kadi ngapi zimepewa jina tofauti na lile lililotolewa na mwanafunzi aliyetangulia? Hesabu hizo ziandikwe ubaoni katika safu mbili, na wanafunzi wachore grafu. Hapo somo la lugha limekuwa pia somo la hesabu.

Mwalimu ataona kwamba majina yasiyohusiana hayawezi kurithishwa salama, kwa kuwa kila mwanafunzi hukosa kadi 3. Majina yakianza kushirikiana vipande, tuseme kila kadi nyekundu ikianza kwa ga- na kila duara likiishia kwa -ki, wanafunzi waulizwe: ni nani aliyeamua hivyo? Mara nyingi hawatapata mtu wa kumtaja. Mnyororo wa watu 8 ni mfupi, na si kila msafara utakaofika kwenye utaratibu kamili. Msafara usiofika nao una funzo, maadamu hesabu za ubaoni zimeandikwa kwa uaminifu.

6. Tahadhari

Mwalimu asichukue kielelezo kuwa ndicho mtoto. Mwaka 1986 Rumelhart na McClelland walitengeneza mtandao wa kompyuta uliojifunza vitenzi vya Kiingereza vya wakati uliopita bila kupewa kanuni hata moja. Kwanza walifundisha vitenzi 10 vinavyotumika sana, kisha wakaongeza 410 kwa mara moja. Mtandao uliopata vema mwanzoni ulianza kukosea kama watoto wakoseavyo, kisha ukajirekebisha. Watu wengi walistaajabu. Lakini mwaka 1988 Pinker na Prince walionyesha, pamoja na mambo mengine, kwamba kukosea huko kulitokana kwa sehemu kubwa na ule wingi wa vitenzi ulioongezwa ghafla na watafiti wenyewe. Watoto hawapokei maneno kwa mpango huo.

Funzo ni hili: matokeo ya kompyuta hutegemea kile kilichowekwa ndani yake. Tunaposoma kwamba kielelezo "kimethibitisha" jambo, tuulize kwanza kilipewa nini, kwa mpango gani, na kwa mara ngapi. Aidha, mpagazi wa Unyanyembe alijifunza kwa kuwa alihitaji kula, kulipwa na kuelewana na wenzake. Wasemaji wa ndani ya mashine hawaoni njaa.

7. Wajibu wa mwalimu

Kutokana na haya yote twapendekeza mambo manne.

Kwanza, tutenganishe makosa. "Majino" ni dalili kwamba kanuni imeshika. Mtoto huyo yupo mbele ya yule aliyekariri "meno" bila kujua wingi wa neno jingine lolote. Asahihishwe, lakini asiaibishwe.

Pili, yale yasiyofuata kanuni yahitaji marudio, si maelezo. Kueleza kwa nini "jino" huwa "meno" hakutamsaidia mtoto wa darasa la 2. Kulisikia neno "meno" katika hadithi, wimbo na somo la afya kutamsaidia.

Tatu, yale yanayofuata kanuni yahitaji mifano mbalimbali, si mingi ya namna moja. Mwalimu anayefundisha upatanisho kwa "kitabu changu" peke yake mwezi mzima anaubana mlango. Alete kiti, kikombe, kisu na kijiji. Alete pia nomino za ngeli nyingine, ili tofauti ionekane.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, kuna watoto ambao mwalimu ndiye karibu chemchemi pekee ya Kiswahili chao. Nyumbani husikia Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Redio haipo au haisikilizwi. Kwa mtoto huyo, upana wa mlango ni sawa na idadi ya sentensi kamili zitokazo kinywani mwa mwalimu. Mwalimu anayefundisha kwa amri fupi tu, "kaeni, andikeni, nyamazeni", humpa mtoto amri fupi tu. Matarajio aliyokuja nayo mtoto hatuwezi kuyabadili, wala hatuna haja ya kuyadharau, maana ni mali ya wazazi wake. Lakini wingi na ubora wa Kiswahili anachokisikia umo mikononi mwetu, na baada ya miaka michache mtoto huyo naye atakuwa anamfundisha mwingine.

Maswali ya majadiliano

1. Kusanya makosa 20 ya lugha kutoka katika madaftari ya darasa unalofundisha. Ni mangapi yanayotokana na kanuni ya Kiswahili iliyopitilizwa, na ni mangapi yanayotokana na lugha ya nyumbani?
2. Taja maneno matano ya Kiswahili yasiyofuata kanuni ambayo watoto huyajua mapema. Je, yote yanasikika mara nyingi?
3. Fanya zoezi la sehemu ya 5 kwa kufundisha kadi 3 badala ya 6, kisha kwa kadi zote 9. Linganisha grafu na ueleze tofauti.
4. Hesabu sentensi kamili ulizozisema katika kipindi kimoja cha dakika 40. Je, ungependa mwanafunzi wako akirithi Kiswahili hicho?